Ngazi ya Tatu Usiikanyage

Jumapili, 10 Machi

Mvua imeanza leo tukiwa mezani. Mama aliinuka na sahani mkononi kwenda kusogeza vitambaa vya sare mbali na dirisha, akaendelea kula hukohuko amesimama, kama mtu anayesubiri basi.

Nimeamua msimu huu niandike, na niandike kwa Kiswahili. Tangu darasa la kwanza kila kitu cha maana nimekiandika kwa lugha ya shule, na sasa niko mwaka wa kwanza chuo kikuu, mambo ni yaleyale. Kwa lugha ile naweza kueleza kinachotokea maji yakipita kwenye kona ya bomba. Siwezi kueleza kwa nini jana nilimwacha msusi anivute nywele mpaka machozi yakanitoka, nikashindwa kusema "dada, taratibu".

Habari yenyewe ni hii: nimepata nafasi. Chuo cha ng'ambo kimekubali nikamalizie shahada yangu ya uhandisi wa maji kwao, na muhula unaanza Juni. Nilimwambia mama jikoni. Alinishika mabega, akanitazama juu hadi chini kama mteja aliyekuja kupimwa gauni. "Haya," akasema. "Umekua." Akarudi kwenye vyombo vyake.

Mchana akaja mjomba, kama kila Jumapili. Mjomba ni mdogo wake mama. Ana duka la dobi pale kwenye kona, na mtaa mzima unamwita Mzee wa Ng'ambo, ingawa hata mvi hana, kwa sababu aliishi huko miaka minne nilipokuwa mdogo. Shati alilolipiga pasi yeye unaweza kulisimamisha lenyewe. Baba alifariki kabla sijamjua, kwa hiyo habari za dunia nimezipata kwa mjomba. Hamu hii ya kwenda ni yeye aliyeniambukiza.

Jambo moja nimelipenda kwake siku zote: hajigambi kwa lugha. Nilipokuwa mdogo nilimsemesha kwa lugha ya shule ili nimwonyeshe ninavyojua, akacheka. "Hapa nyumbani tuongee cha kwetu. Cha watu tuwaachie wenyewe." Niliona haya, na nikamheshimu zaidi.

"Chumba kisikusumbue," aliniambia leo. "Yule mama mwenye nyumba wangu yupo, na chumba changu cha nyuma kipo. Bweni ni kelele tupu. Wewe na haya zako utakufa njaa ndani, unaogopa kupanga foleni."

Tulicheka wote. Ni kweli, ningekufa.

"Shida yako itakuwa njia. Kuuliza huwezi. Basi utaikariri, na kila Jumapili nitakusikiliza."

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Mfereji wa mbele ya nyumba umeziba. Fundi viatu wa upande wa pili akaniita: "Mhandisi wa maji, wateja wako hawa wamejaa mlangoni." Nikajifanya sijasikia.

Jumapili, 17 Machi

Nimeikariri. Naiandika hapa nijipime.

Ukishuka treni, toka kwa mlango mkubwa, uipe mgongo saa iliyokufa. Fuata harufu ya mkate hadi kwenye kona. Baada ya duka la mkate kuna kinyozi aliyetundika vioo viwili nje, kimoja kimepasuka. Hapo ingia kushoto. Utapita uchochoro wa mafundi saa, wote wanakaa wameinama, usiwasalimie, hawasikii. Mwisho wa uchochoro kuna nyumba yenye ngazi za chuma nje, za kijani. Ngazi ya tatu usiikanyage, imepinda na inalia. Panda hadi juu, gonga, sema umetumwa na yule wa chumba cha nyuma.

Mjomba husikiliza amefumba macho. Nikikosea hufungua jicho moja. Leo hakulifungua.

Mama alikuwa akitia vifungo. Mara mbili amejichoma na sindano, na mama hajichomi.

Jumatano, 20 Machi

Redio ni rafiki yangu wa chuoni. Tunamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Leo tukiwa tumejibanza chini ya paa la maktaba aliniuliza nitafikia wapi, nikamwambia njia yote, kuanzia treni mpaka mlango.

"Mtaa unaitwaje?"

"Mjomba anasema walishaubadilisha jina."

"Namba ya nyumba?"

"Sijui."

"Kwa hiyo anwani huna, ila ngazi inayolia unayo." Akacheka mpaka mlinzi akatugeukia. "Rafiki yangu, chukua bweni."

Nilimkasirikia. Kimoyomoyo, kama kawaida yangu.

Ijumaa, 22 Machi

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kujibu kuhusu bweni. Nilimpigia mjomba kwanza, akasema, "Mimi ni nani kwako? Nimewahi kukudanganya?" Nikakaa kwenye kiti cha wateja wa mama, simu mkononi, nikasoma kwa sauti maandishi ya chuo na kumtafsiria mama: wananiuliza kama nahitaji chumba, nikikataa atapewa mwingine.

"Nakataa, mama. Sawa?"

Cherehani ilisimama. Nikangoja. Nilidhani uzi umekatika.

"Ni wewe tu," akasema mama.

Nikabonyeza. Cherehani ikaendelea.

Jumapili, 24 Machi

Nimesema njia. Hakufungua jicho.

Jumanne, 2 Aprili

Ubalozi unataka anwani ya mahali nitakapofikia, pamoja na neno la mwenye nyumba kwamba ananipokea. Wamenipangia kuonana nao tarehe 25. Nilikwenda dukani kwa mjomba na mwavuli uliogeuka nje ndani.

"Nimeshamwandikia," alisema bila kuacha pasi. "Yule ni mtu mzima, hatumii hizi simu zenu. Posta za huko zina mwendo wake."

"Mjomba, lakini ni nchi iliyoendelea."

"Ndiyo maana hawana haraka."

Wateja wawili walikuwepo, wakacheka. Na mimi nikacheka. Njiani nikajiuliza nimecheka nini.

Jumapili, 7 Aprili

Mjomba ameniletea koti lake la huko. Ni zito, la bluu iliyochoka, linafika magotini. Nimelivaa mbele ya kioo cha mama nikawa kama mtoto aliyejificha ndani ya pazia. Lina harufu ya ajabu, nzito kidogo, imekataa kutoka miaka yote hii. Mjomba anasema ndiyo harufu ya theluji.

Nimeuliza Juni huko ni msimu gani. "Huko baridi haina msimu," akajibu.

Redio niliyemtumia picha amejibu: "Theluji ina harufu?"

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua bila kupumua. Barua ya yule mama haijafika.

Jumanne, 16 Aprili

Alhamisi naenda kupimwa afya. Hospitali inayokubaliwa na ubalozi iko mji wa jirani, asubuhi moja kwa basi. Sijawahi kufika huko. Kila ilipotokea safari ya huko mama alikuwa na sababu ya kukataa: ni mji wa vibaka, maji yake machafu, hatuna mtu kule.

Nilisema nitakwenda na Redio. Mama akasema hapana, atanipeleka yeye. Ana sare za shule nzima mezani, zinatakiwa Jumatatu, na anaacha kazi anipeleke. Nimeguswa sana. Naona nitamkumbuka kuliko nilivyofikiri.

Alhamisi, 18 Aprili

Tulifika stendi mvua ikiwa imepungua. Mama alinishika kifundo cha mkono kabla basi halijasimama vizuri. "Tunachukua teksi moja kwa moja hospitali." Sikuuliza. Dereva wa teksi alikwenda kidogo tu, akakuta barabara imejaa maji, akaturudisha palepale stendi. "Mama, kwa mguu ni karibu," akasema. "Mpite hapa kwenye lango kubwa, mtafuata barabara ya mkate."

Nilisikia hilo neno, na sikulielewa bado.

Tulitoka kwa lango kubwa. Niligeuka kumtazama mama, aliyekuwa amenishika mkono tena, nikaona juu ya lango saa kubwa ya duara, mishale yake imelala chini yote miwili, ina kutu. Saa zilizokufa ziko nyingi duniani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Kisha ikaja harufu.

Duka la mkate liko kwenye kona. Nilipunguza mwendo. "Tembea," mama akasema, hakunitazama. Baada ya duka, kinyozi. Vioo viwili nje ukutani. Kimoja kimepasuka, na nikaona uso wangu ndani yake ukiwa vipande.

"Mama, hospitali iko wapi?"

"Mbele. Tembea, mwanangu, tutachelewa."

Nikautoa mkono wangu mkononi mwake. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Nikaingia kushoto.

Mafundi saa walikuwepo, wameinama kwenye meza zao ndogo chini ya maturubai. Sikuwasalimia. Miguu ilikuwa ikienda yenyewe, kama mtu anayesoma kwa moyo ambaye ukimkatiza itabidi aanze upya. Mwisho wa uchochoro palikuwa na nyumba ya ghorofa, na ngazi za chuma nje. Rangi imebanduka, ila ni kijani.

Nilipanda. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu niliiruka bila kufikiri. Nilipofika juu ndipo nilipojua nimeiruka.

Nikagonga. Akafungua mama mmoja mnene mwenye miwani, anamenya kitunguu mkononi.

"Nimetumwa na yule wa chumba cha nyuma," nikasema. Sikuwa na maneno mengine.

Alinitazama, akaweka kisu. "Wa dobi? Nyie. Paji la uso ni lake kabisa. Ingia, unalowa. Alisharudi kutoka ng'ambo?"

Nilibaki mlangoni. Akaendelea kuongea kama watu wanavyoongea wakimkumbuka mtu waliyempenda. Kwamba mjomba alifika pale na sanduku, akisubiri karatasi zake za safari, akasema ni wiki moja tu. Karatasi zikakataliwa. Akapata kazi ya kupiga pasi nguo za hoteli, siku zikawa miaka. "Kila mwaka mwakani," alisema yule mama. "Mtu mwema, hana makuu. Alipoondoka nikampa koti la marehemu mume wangu, nikamwambia kama ni baridi, hili limezoea. Mume wangu alikuwa mlinzi kwenye chumba cha kugandishia samaki."

Samaki. Nimelala na lile koti kitandani wiki nzima.

"Na yule dada yake hajambo?" akauliza. "Alikuja mara moja, akalia hapo ulipo."

Nikageuka. Mama yangu alikuwa chini ya ngazi, mwavuli ameufunga, mvua inamnyeshea kichwani. Hakupanda. Hakushangaa pia. Ndilo nililoliona kuliko yote: mama hakuwa na mshangao hata kidogo.

Tukaenda hospitali. Nikapimwa. Daktari akasema nina afya njema.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimekiandikia chuo kuomba bweni. Sijaongea na mtu leo, hata Redio.

Jumamosi, 20 Aprili

Mama alinifuata chumbani asubuhi, akakaa pembeni ya kitanda na futi yake ya kupimia shingoni.

"Aliaga hapa watu wote wakiwepo," akasema. "Watu walimshonea, walimwimbia. Angerudi vipi baada ya wiki? Nilimfuata mwaka wa pili, nikamkuta na pasi. Akaniomba nimwachie aseme mwenyewe siku atakayoweza. Nikamwachia. Siku haikufika, na baadaye ikawa kama kweli. Hata mimi nilikuwa nasahau."

"Sikuulizi habari za mjomba, mama."

Akaivua futi shingoni.

"Siku ya bweni ulikuwepo. Nilikuuliza. Ulisimamisha cherehani."

"Nilisimamisha."

"Ulijua hakuna chumba."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Alikuwa anaviringisha ile futi kwenye kidole, anaifungua, anaiviringisha tena. "Nikaona ukikosa chumba utakosa safari," akasema. "Na sitakuwa mimi niliyekukataza. Nitabaki na nani humu ndani? Na cherehani?"

Nimelifikiria siku nzima. Mjomba alidanganya kwa aibu, na aibu naijua, nimezaliwa nayo. Mama alinyamaza kwa hesabu. Alipima, akakata.

Ameacha uji mlangoni. Sijaunywa.

Jumanne, 23 Aprili

Chuo kimejibu. Wana lugha ya heshima sana. Mabweni yamejaa, chumba changu amepewa mwingine kama walivyoeleza mwanzo. Bila anwani sina cha kupeleka ubalozini. Nafasi yangu ya masomo wataniwekea hadi mwakani, nikitaka, na bweni niliombe upya nafasi zikifunguliwa.

Nimeisoma mara nyingi kutafuta mtu wa kumkasirikia ndani yake. Hayumo.

Jumatano, 24 Aprili

Nilikwenda dukani kwa mjomba. Alikuwa na shati jeupe mezani. Nilisimama upande wa pili wa meza nikamsemesha kwa lugha ya shule. Nilisema taratibu, maneno mepesi ambayo mtoto wa darasa la nne angeyajibu: mjomba, unanielewa ninachosema? Kwa nini ulinifanyia hivi?

Aliendelea kupiga pasi. Akamaliza kola, akahamia mkono. Mvuke ulikuwa unapanda kati yetu.

"Ulifika kwenye ngazi," akasema kwa Kiswahili.

"Nilifika."

"Ya tatu uliiruka?"

"Niliiruka."

Akatabasamu. Lilimtoroka tu, kabla hajalizuia, kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi. Nilimchukia kwa tabasamu hilo, kisha nikachukia kwamba nilitaka kulirudisha.

"Nilijua nitasema," akaendelea. "Kila Jumapili nilikuwa nakuja na nia ya kusema. Halafu unaanza ile njia, unavyoisema vizuri, unakuwa kama umefika. Na mimi nakuwa kama nilifika."

"Nimekosa bweni, mjomba. Nimekosa mwaka."

"Mama yako kaniambia." Akaweka pasi imesimama. "Sikiliza basi. Watu wameshaalikwa kuja kukuaga Jumamosi ya wiki ijayo. Shangazi zako wanatoka mbali. Mwakani utakwenda kweli, si kama mimi. Ni mwaka mmoja tu katikati. Yule mama bado ana chumba cha nyuma. Utakaa pale usome vitabu vyako, utatuma salamu, mwakani unaondokea hukohuko. Nani atajua?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mama anasemaje?"

"Mama yako anasema angalau ni karibu. Atakuwa anakuja kukuona."

Kwa hiyo walikaa wakazungumza. Walikaa wawili, wakapanga jinsi ya kunipanga. Nikatoka bila kuaga, na mlangoni nikapishana na mteja aliyeniambia, "Hongera, binti, tunasikia unaondoka."

"Asante," nikajibu. Ndicho kinachoniuma sana leo. Kwamba nilisema asante.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo ndiyo ningekuwa ubalozini. Mvua.

Jumapili, 28 Aprili

Mjomba hakuja. Mama ameweka sahani yake hata hivyo.

Ananishonea gauni la kuagwa. Nilisimama akinipima, sikumtazama, na yeye alinigusa kama unavyogusa pasi kujua kama bado ni ya moto. "Utakaa pale kwa amani," akasema na pini mdomoni. "Ni kunusuru tu jina." Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na nimejifunza kwamba kwa watu hawa kunyamaza ni jibu. Wamekulia ndani ya kunyamaza. Na mimi wamenilea humo, nikadhani ni haya.

Jumatano, 1 Mei

Nimemwambia Redio yote. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinisikiliza mpaka mwisho. Baadaye akasema, "Ukienda kule kwa yule mama, nitakuwa nakuja Jumamosi. Lakini nitakudharau kidogo."

Jumamosi, 4 Mei

Walikuja wote. Sebule yetu ndiyo chumba cha kushonea, kwa hiyo mama alifunika cherehani kwa kitambaa, ikakaa katikati yetu kama mgeni aliyejifunika. Shangazi wawili, akina mama wa mtaani wanaoshonesha sare kwetu, Redio, fundi viatu katika shati safi. Mjomba alikaa karibu na mlango. Chai ikazunguka. Mvua kwenye bati ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu waliongea kwa kupiga kelele, na kila mtu alionekana kama ana furaha sana.

Nilikuwa bado sijajua nitafanya nini. Naapa sikujua. Gauni lilinikaa vizuri. Ilikuwa rahisi kuacha mambo yaende, kupokea maneno mazuri, kupanda basi.

Kisha fundi viatu akatoa mfuko chini ya kiti chake. Ndani kulikuwa na viatu vyeusi virefu, vipya, alivyotengeneza mwenyewe.

"Mimi sijafika huko," akasema. "Nilimuuliza mjomba wako baridi ya kule inaingilia wapi. Akaniambia inaanzia unyayoni. Basi nimeweka soli mbili, na katikati nimelaza sufu. Vaa nione."

Nikavaa. Vilinitosha. Akapiga goti kubonyeza kidole cha mbele, kama anavyofanya kwa watoto, akaridhika. Nikamtazama utosini, pale alipopiga goti mbele yangu kwa ajili ya theluji ya samaki, na nikasimama.

"Siendi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Shangazi mkubwa akaweka mkono sikioni. "Anasemaje?"

Ikabidi niseme tena. Hilo ndilo gumu, kusema tena. "Mwaka huu siendi. Sina pa kufikia. Bweni nililikataa."

Mama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

"Huna vipi?" Fundi viatu alikuwa bado chini, ameinua uso. "Na yule mama wa mjomba wako? Wa ngazi za kijani?" Mtaa mzima unazijua ngazi zile. Watoto huzitaja wakicheza.

Watu wakageuka kumtazama mjomba. Nilikuwa na maneno tayari, katika lugha zote mbili, na mengine makali. Nilikuwa nimeyatunza wiki mbili. Nikaona nikiyasema mimi, itakuwa tena mimi ninayekariri kwa niaba yake.

"Njia anaijua mjomba," nikasema. "Awaambie mwenyewe."

"Mwanangu," mama akasema kwa chini.

"Mama, naomba."

Mjomba aliweka kikombe sakafuni. Akapitisha kiganja juu ya paja lake, akinyoosha mkunjo ambao haukuwepo. Akafumba macho.

"Ukishuka basi," akasema.

"Treni," shangazi akamsahihisha kwa upole, kama unavyomsaidia mtoto.

"Basi, dada," mjomba akajibu, macho bado yamefumba. "Ni hapa tu mji wa jirani." Na akaendelea. Saa iliyokufa. Mkate. Kinyozi na kioo kilichopasuka. Mafundi saa. Hakuruka kona hata moja. Watu walikuwa wanaelewa mmoja mmoja, nikiwaona, na hakuna aliyenyanyua kikombe. Alipofika kwenye ngazi ya tatu akaishia hapo, hakupanda zaidi.

Jumapili, 5 Mei

Hakuna aliyekuja kula.

Jumapili, 12 Mei

Duka la dobi lilifungwa wiki nzima, leo limefunguliwa. Fundi viatu amesema kutoka kibandani kwake, "Mzee wa Mji wa Jirani amerudi," na wawili wakacheka. Mimi sikucheka. Si kwa kumwonea huruma. Sikuona tu kichekesho.

Nilitaka kumrudishia viatu. Amekataa. "Mwakani utakuwa na mguu uleule," akasema.

Koti nimelirudisha kwa mjomba. Alilipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 19 Mei

Mvua imekatika. Bati limenyamaza, na ndani ya nyumba sasa kila kitu kinasikika.

Chuoni nilikuwa nimeshaaga kwa ajili ya safari; ofisi ya wanafunzi imenirudisha darasani na wenzangu. Redio ameniwekea kiti. Asubuhi mama aliniuliza kama bado namkasirikia. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nitakula. Nikasema ndiyo pia. Tumekula, kila mtu upande wake wa meza. Anajua nitaondoka mwakani, na safari hii hakuna uongo wa mtu mwingine wa kunizuia kwa niaba yake.

Nafasi za bweni la kule ng'ambo zimefunguliwa leo, na nimeomba leoleo. Baadaye nikaitafuta kwenye ramani njia ya kutoka stesheni mpaka hapo. Kuna daraja, kuna barabara pana, kuna kona mbili ambazo sikuzielewa. Niliitazama mara moja nikafunga.

Sitaikariri. Nikifika nitauliza watu.